EPI bila ngozi ya mnyama: namna ya kuchagua buti, glavu na nguo za kazi Lubumbashi bila kuuhatarisha mwili

Mtu aliyeacha nyama, maziwa na ngozi hana shida kubwa mezani Lubumbashi. Bukari ipo, maharagwe yapo, lengalenga ipo, na sombe isiyo na samaki ataipata akiipika mwenyewe. Shida inamngoja stoo ya kampuni, siku anapokabidhiwa EPI yake, yaani vifaa vya kujikinga kazini: buti za ngozi ya ng'ombe, glavu na aproni za kuchomelea za ngozi, pengine hata kofia ngumu yenye ukanda wa ngozi pajini. Kuvikataa hawezi. Langoni hapiti bila EPI, na ndani kuna asidi, mawe, umeme na chuma kilichoyeyuka.

Msimamo wetu tuuseme mapema: kinga ya mwili haina mjadala, malighafi ndiyo yenye mjadala. Hata The Vegan Society, chama cha Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1944, kinaeleza uvegani kuwa ni kuepuka unyonyaji wa wanyama kadiri inavyowezekana na kutekelezeka. Maneno hayo hayakuwekwa ili kuwapa wavivu kisingizio. Yanamhusu hasa mtu anayesimama mbele ya tanuru.

Ila wengi wanaodhani wamekwama hawajakwama. Shaba na kobalti ya Katanga leo hutolewa kwa sehemu kubwa kwa asidi na umeme, na kwenye kazi hiyo ngozi ni kifaa kibaya hata kwa mtu anayekula nyama kila siku. Ugumu wa kweli uko kwenye kuchomelea, na zaidi kwenye chuma cha moto. Huko ndiko tutakakokaa kwa muda mrefu.

Andika hatari kwanza

Chukua karatasi, uigawe mistari mitatu: kazi, kinachoweza kukuumiza, na alama zilizoandikwa kwenye kifaa ulichopewa. Usiandike "kiwandani". Andika "kufungua vali ya asidi, mara mbili kwa zamu" au "kukata bomba juu ya kichwa kwa gesi". Mtu mmoja anaweza kuwa na kazi tano zenye hatari tano, na huenda ni moja tu inayodai kitu kinachofanana na ngozi.

Alama za buti ziko kwenye ulimi au ndani ya kifundo. Tafuta EN ISO 20345, kiwango cha buti za usalama. Buti zinazopanda kutoka Afrika Kusini kupitia mpaka wa Kasumbalesa huweza kuandikwa SANS 20345. Kila buti ya daraja hilo ina kifuniko cha vidole kinachohimili pigo la juli 200, sawa na jiwe la kilo 20 likianguka kutoka mita moja, na mbano wa kilonyutoni 15. S1 ina kisigino kilichofungwa na haikusanyi umeme tuli. S2 inaongeza kuzuia maji, S3 inaongeza bamba la kuzuia misumari na soli yenye meno. S4 na S5 ni buti za mpira au plastiki tupu. S5 ndiyo ndugu wa S3. Herufi HRO maana yake soli inavumilia kugusana na joto la nyuzi 300 kwa dakika moja.

Katika yote hayo hakuna sharti la ng'ombe. Kiwango kinapima pigo, mbano, maji na joto. Buti isiyo ya ngozi ikifaulu, imefaulu. Kinyume chake pia ni kweli, na hapa watu huumia: jani la kijani na neno "vegan" kwenye kiatu cha mtindo havisemi lolote kuhusu vidole vyako. Bila namba ya kiwango, hicho ni kiatu cha kwendea kanisani.

Mahali mnyama anapojificha

Lebo nyingi zinazotufikia ni za Kifaransa. "Cuir" ni ngozi, "pleine fleur" ni ngozi ya tabaka la juu, "croûte de cuir" ni ngozi ya tabaka la chini, "nubuck" nayo ni ngozi halisi, "laine" ni sufu. "Simili" na "microfibre", ngozi za kuiga, si za mnyama. Jihadhari na "cuir PU": huweza kuwa croûte iliyopakwa plastiki juu, na ukiitazama kwa nje utaapa kuwa ni bandia.

Viatu vya kawaida vya soko la Ulaya hubeba vichoro vitatu: sehemu ya juu, bitana, na soli. Umbo la ngozi iliyotandazwa ni ngozi. Umbo hilo likiwa na almasi ndani yake ni ngozi iliyopakwa kitu. Mfumo wa nyuzi zilizosukwa ni kitambaa. Almasi peke yake ni malighafi nyingine. Viatu vya usalama havilazimishwi kuwa na vichoro hivyo, kwa hiyo visipokuwepo usihitimishe chochote. Muulize muuzaji karatasi ya maelezo ya kiufundi.

Kwenye masoko ya Kenya au Kamalondo, mitaa ya hapa Lubumbashi, ambako karatasi hakuna, chunguza ukingo uliokatwa, mara nyingi chini ya ulimi wa buti. Ngozi inaonyesha nyuzi zilizotifuka, zisizo na mpangilio. Maikrofaiba inaonyesha tabaka laini lililolingana, au kitambaa chini ya plastiki. Ukiweza kupata kipande kidogo kilichobaki, kichome nje, mbali na uso: ngozi inanuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, plastiki inayeyuka na kuacha tone gumu. Usichome kitu unachoshuku ni PVC, moshi wake una gesi ya asidi.

Sehemu zinazosahaulika ni soli ya ndani, kishikizo cha kisigino, ukanda wa paji kwenye kofia ngumu na kwenye barakoa ya kuchomelea, viganja vya glavu zinazouzwa kama "za kitambaa", nta ya nyuki kwenye dawa ya viatu, na lanolini, mafuta ya sufu, kwenye krimu ya mikono. Ukanda wa paji unabadilishwa kwa wa kitambaa kinachofuliwa, na usalama haupungui. Ila nunua wa kampuni ileile iliyotengeneza kofia, wa kujitungia unaweza kuilegeza.

Gundi, na asidi ya steariki inayochanganywa kwenye mpira, ni habari nyingine. Inaweza kutoka kwa mafuta ya ng'ombe au ya mawese, na duka halitakuwa na jibu. Ushauri wetu: usianzie huko. Anayetumia wiki tatu kutafuta asili ya gundi huku mikononi ana glavu za ngozi amepanga vibaya.

Penye asidi

Huku ndiko rahisi. Ngozi inainyonya asidi ya sulfuriki, inakaa nayo ikigusa mwili, halafu inakakamaa na kupasuka. Vaa buti za S5, za PVC, nitrili au poliuretani, na suruali iwe nje ya buti ili asidi isitiririke ndani.

Kwa glavu, tofautisha kimiminika. Maji ya kwenye matangi ya kutolea shaba kwa umeme yana asidi kiasi cha gramu 180 kwa lita. Hapo nitrili nzito au PVC inafaa. Asidi kali inayokuja kwa lori ni kitu kingine kabisa, nayo huiharibu nitrili haraka. Tafuta neoprini au butili yenye alama EN ISO 374-1 na herufi L, ambayo ndiyo iliyopimwa kwa asidi ya sulfuriki ya asilimia 96. Herufi K ni ya soda kali, haikusaidii hapa.

Kabla ya kila zamu kunja mdomo wa glavu, uifunge hewa ndani, uibane karibu na shavu. Tundu la sindano utalisikia. Ukifanya kazi mikono ikiwa chini, mkono wa koti uwe juu ya glavu. Ukifanya mikono ikiwa juu, glavu iwe juu ya koti na mdomo wake ukunjwe nje, vinginevyo asidi inashuka hadi kwapani.

Kinachowashinda wengi kwenye buti za mpira ni jasho, hasa Oktoba kabla mvua hazijashika. Beba soksi mbili za pamba, ubadilishe katikati ya zamu. Ukiweza kupata jozi mbili za buti, zipishane siku, zikaukie kivulini, mdomo chini.

Stoo, magari, karakana kavu

Maikrofaiba ya S1P (S1 yenye bamba la kuzuia misumari) au S3 inatosha. Ni nyepesi, na haikakamai baada ya kulowana. Kasoro yake hasa iko kwenye soli ya poliuretani, ambayo huoza polepole kwa unyevu na joto hata buti ikiwa ndani ya boksi. Ndiyo maana buti "mpya" ya bei ya kutupa hupasuka soli wiki ya pili. Mwezi na mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye buti yenyewe: ikiwa imepita miaka mitatu au minne, ikunje kwa mikono miwili. Ukiona nyufa ndogo kama nywele, irudishe.

Kuchomelea

Sababu ya mafundi kupenda ngozi ni moja: haiyeyuki. Tone la chuma likitua juu yake, inageuka mkaa na kujikunja, lakini haigeuki uji. Nailoni na poliesta zinayeyuka karibu na nyuzi 260, polipropilini karibu na 165, na tone la chuma cha pua au cha kawaida linafika likiwa na zaidi ya elfu moja. Plastiki iliyoyeyuka inashikamana na mwili na kuendelea kuunguza. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni "inayeyuka au inageuka mkaa?" Vitu visivyo vya mnyama vinavyogeuka mkaa ni aramidi (nyuzi bandia zinazohimili moto, kama Kevlar), nyuzi zilizokaboniwa, na pamba iliyotiwa dawa ya kuzuia moto. Pamba ya kawaida haiyeyuki, lakini inawaka.

Glavu za kuchomelea zina kiwango chake, EN 12477. Aina A ni ya kazi ya fimbo (elektrodi) na MIG (kuchomelea kwa waya), aina B ni ya TIG (kuchomelea kwa ncha ya tungsteni), ambako vidole vinahitaji wepesi. Chini ya mchoro wa moto kuna tarakimu sita za EN 407. Ya kwanza ni kushika moto, ya pili ni kugusa kitu cha moto (1 ni nyuzi 100, 2 ni nyuzi 250, kwa sekunde 15), ya tano ni matone madogo ya chuma. Kwa aina A tarakimu ya kwanza na ya tano zisipungue 3. Glavu za TIG zisizo za ngozi si adimu kwa waagizaji. Za aina A ni chache. Tafuta za aramidi zilizopakwa silikoni kiganjani, zenye bitana ya pamba iliyotiwa dawa. Aramidi iliyofumwa wazi kama soksi haitoshi: ina matundu, na tone linapita katikati ya nyuzi bila hata kuzichoma.

Aramidi ina adui mwingine ambaye wauzaji hawamtaji. Mionzi ya urujuanimno inaidhoofisha, na mwale wa kuchomelea ni chanzo kikubwa cha mionzi hiyo. Glavu ya aramidi ya manjano iliyoachwa wazi inabadilika rangi, halafu nyuzi zinakatika zenyewe. Chagua ambayo aramidi iko chini ya tabaka jingine, na usiianike juani.

Kagua uzi wa mishono. Glavu nzuri iliyoshonwa kwa poliesta inafumuka yote cheche zikitua kwenye mshono. Vuta ncha ya uzi iliyobaki, iguse kwa kiberiti: ikiacha kitone kigumu, ni poliesta au nailoni. Ikisinyaa nyeusi bila tone, nunua.

Nguo: EN ISO 11611, daraja la 1 kwa TIG na MIG nyepesi, daraja la 2 kwa fimbo nzito na kukata. Pamba iliyotiwa dawa inafanya kazi hii vizuri, na hutahisi sana pengo la aproni ya ngozi. Kosa hufanyika nyumbani, kwenye kufua. Usitumie javeli (maji ya klorini), usitumie kilainishi, na usitumie sabuni ya kipande: mafuta ya sabuni yanabaki kwenye nyuzi, nayo yanawaka. Tumia sabuni ya unga na usuuze sana. Ndani vaa pamba tupu. Fulana ya Mazembe ya poliesta ibaki kabatini hadi Jumapili.

Buti ndizo ngumu. Maikrofaiba iliyo wazi inatobolewa, hasa kati ya kamba na ulimi. Kwa kazi ya mezani, buti ya maikrofaiba yenye HRO inaweza kutumika ikiwa imefunikwa na vifuniko vya aramidi au nyuzi zilizokaboniwa, vinavyofungwa kwa nyuma au pembeni, kamwe si mbele, na suruali ikiwa juu ya yote. Kwa kukata juu ya kichwa, tungekubali buti isiyo ya ngozi pale tu ilipoandikwa EN ISO 20349-2, kiwango cha buti za kuchomelea. Isipoandikwa hivyo, vaa ngozi.

Kifaa kipya kianze na kazi nyepesi kwa wiki moja. Kila mwisho wa zamu tafuta madoa yanayong'aa (hapo kimeanza kuyeyuka), ugumu mpya, na mishono iliyoachia. Tundu likipita tabaka la kwanza, kifaa hicho kimeisha, hata kama kinapendeza.

Mbele ya tanuru

Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza mwaka 1911, na bomba lake la moshi bado ndilo alama ya mji. Shaba inayeyuka kwa nyuzi 1085, na takataka inayoelea juu yake huwa moto zaidi.

Nguo za nje hazina tatizo: suti za aramidi au viskosi zenye tabaka la aluminiamu zinarudisha joto la mng'ao, na mnyama hamo. Soma lebo hata hivyo, kwa kuwa baadhi ya nguo za viwanda vya kuyeyusha hutengenezwa kwa sufu, ambayo chuma huteleza juu yake vizuri. Kwenye EN ISO 11612 herufi E ni ya chuma kilichoyeyuka: E1 inaanza gramu 60, E2 gramu 120, E3 gramu 200.

Mguuni hali ni tofauti. Buti ya mpira au PVC hapa ni mtego: inayeyuka pamoja na chuma na kukishikilia mguuni. Maikrofaiba haina muda wa kukusaidia. Buti ya kazi hii haina kamba, inavulika kwa mkupuo mmoja, inafunikwa na suruali, na lazima iwe kavu, maana maji yakifunikwa na chuma kilichoyeyuka yanageuka mvuke na kulipuka. Kama stoo haina buti isiyo ya ngozi iliyothibitishwa kwa kazi hiyo, vaa ya ngozi. Dhamiri ikikataa kabisa, njia ni kuomba kuhamishwa: maabara, chumba cha kuongozea mitambo, kibanda cha winchi, au kwenye matangi ya asidi ambako mpira ndio sheria.

Kwa mafundi umeme neno ni fupi. Glavu ya kuhami ni mpira (EN 60903, daraja 00 hadi volti 500, daraja 0 hadi 1000), na ya ngozi huvaliwa juu yake kuzuia kukwaruzwa. Omba glavu zilizounganisha kuhami na ugumu katika moja. Usivae ya mpira peke yake kwenye kazi yenye ncha kali. Mkwaruzo usiouona ndio unaoua.

Namna ya kumwendea shefu (mkubwa wa kazi)

Usiombe kusamehewa. Omba kifaa kinacholingana. Ukisema "dini yangu" au "imani yangu hainiruhusu ngozi", shefu wa usalama anasikia mtu asiyetaka EPI, na mazungumzo yameisha. Peleka ukurasa mmoja wenye kazi, hatari, kifaa cha sasa na alama zake, kifaa unachopendekeza na alama zilezile au za juu zaidi, muuzaji na bei. Kisha useme kitu kama hiki:

"Shefu, sitaki kupunguza kinga hata kidogo. Glavu hii ni EN 12477 aina A kama ya stoo, ila si ya ngozi. Naomba tuijaribu wiki mbili mezani, wewe mwenyewe uikague. Ikitoboka narudi kwenye ya zamani."

Bei ikiwa kikwazo, jitolee kulipa tofauti, lakini kifaa kipitie stoo na kuandikwa. EPI uliyojinunulia kimyakimya inaleta matatizo siku ya ajali.

Una hoja nyingine yenye nguvu, nayo haihusu maadili. Ngozi nyingi ya glavu hulainishwa kwa kromu, na Ulaya tangu 2015 imeweka kikomo cha miligramu 3 za kromu ya aina ya sita kwa kilo kwenye ngozi inayogusa mwili, kwa sababu ya mzio. Kobalti nayo huleta mzio. Mwenye upele wa mikono usioisha apite kwa daktari wa kampuni. Barua yake hufungua stoo haraka kuliko falsafa.

Kisheria, Kanuni ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inampa mwajiri jukumu la usalama na inatambua kamati ya usalama na usafi mahali pa kazi. Ombi lako likikwama, lipeleke huko kupitia mjumbe wa wafanyakazi. Ibara ya 22 ya Katiba inalinda uhuru wa dhamiri. Uingereza, mwaka 2020, mahakama ya kazi ilitambua uvegani wa kimaadili kuwa imani inayolindwa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayokuruhusu kupita langoni bila buti.

Ukilazimika kuvaa ngozi

Chukua jozi mpya iliyokwisha kuwepo stoo badala ya kuagiziwa nyingine, kisha idumishe. Usinunue mitumba ya EPI: kifuniko cha vidole kilichowahi kupigwa hakionyeshi kwa nje, na glavu iliyoloa mafuta ya gari inawaka. Futa vumbi la madini kila siku kwa brashi kavu, na usikaushe buti karibu na mbabula (jiko la makaa), kwa sababu ngozi iliyolowa hunywea na kupasuka ikipata joto la ghafla. Jaza karatasi za gazeti ndani, uziache kivulini usiku kucha. Kwenye buti za stoo au za shimoni dawa ya viatu isiyo na nta ya nyuki inatosha. Glavu na buti za kuchomelea usizipake mafuta yoyote, mawese yakiwemo, na badilisha jozi mara tu ngozi ya kiganja inapokuwa ngumu kiasi cha kutokunjika ukishika fimbo.